Nyumba, wanyama na matengenezo uzeeni: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nina miaka 74. Naishi na mbwa ambaye kwa hesabu ya mbwa ni mzee kuliko mimi, paka wa kijivu aitwaye Majivu, na boksi la vifaa linalopungua uzito kila mwaka, kwa sababu kila mwaka natoa kitu ambacho nimekubali sitakitumia tena. Majirani, ndugu na watoto wa rafiki zangu huniuliza yaleyale, wengine kwa ajili yao wenyewe, wengine kwa ajili ya wazazi wao. Sikusomea udaktari, wa watu wala wa mifugo. Panapohitaji mmoja wao, nimesema.

Kazi zipi za nyumbani niendelee kufanya mwenyewe, na zipi niache?

Kipimo changu ni sakafu. Kazi inayofanyika nyayo zangu zikiwa zimetulia chini, naifanya. Kazi inayonitaka nipande juu ya kitu, hata kigoda, namwachia mwingine. Halafu najiuliza swali la pili: kabla sijaanza, naweza kukizima kitu kinachoweza kuniletea balaa? Maji yana koki yake, kwa hiyo bomba ni langu. Umeme ulio ndani ya ukuta na mipira ya gesi si vyangu, ingawa ujanani nilivichezea.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wanaoongoza. Ukisikia hivyo unafikiria mapaa na ngazi ndefu. Mimi nilianguka kutoka kwenye kigoda cha jikoni kisichofika nusu mita. Nilikuwa nafikia kopo nyuma ya kabati la juu, nikaegemea kulia kidogo tu, mguu mmoja wa kigoda ukazama kwenye ufa wa vigae. Nakumbuka nililiona kopo likitua kabla yangu. Kifundo cha mkono kikavunjika, nikafungwa hogo wiki sita, na nikajifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Siku niliyofunguliwa nilishusha kila kitu cha rafu ya juu kikawa kati ya kiuno na bega. Rafu ya juu siku hizi ni ya vumbi.

Hata kubadilisha balbu?

Hata hiyo, kama dari huifikii ukiwa umesimama chini. Dawa ni kupunguza idadi ya safari za juu. Balbu za zamani za waya huishi saa kama 1,000. Ukiwasha saa 5 kwa siku, haimalizi miezi 7. LED nzuri huishi saa 15,000 au zaidi, yaani miaka 8 kwa matumizi yaleyale. Siku akija mgeni mrefu, mkabidhi balbu za nyumba nzima azibadilishe kwa mkupuo mmoja.

Na chukua zinazong'aa kuliko ulivyozoea. Mtu akifika miaka 60, mwanga unaofika nyuma ya jicho lake ni kama theluthi moja tu ya ule unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20, kwa sababu mboni haipanuki tena kama zamani na lenzi imeanza kuwa ya manjano. Wazee wengi wanaosema macho yamekwisha wanakaa tu kwenye vyumba vyenye giza. Palipokuwa na balbu ya wati 60, LED ya wati 9 inatosha kwa kijana. Wewe weka ya 12 au 14, hasa kwenye korido na penye ngazi.

Bomba linadondoka usiku kucha. Nimwite fundi?

Bado. Tone moja kila sekunde linafika lita 20 na zaidi kwa siku, lakini chanzo chake mara nyingi ni kile kipete cha mpira ndani ya bomba ambacho mafundi hukiita wosha. Ni kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.

Funga koki iliyo chini ya sinki. Kama haipo, funga koki kuu ya nyumba. Fungua bomba maji yaliyobaki yaishe. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ikitumbukia humo hutaiona tena. Bandua kifuniko kilicho juu ya mkono wa bomba kwa ncha ya kisu, fungua skrubu iliyo chini yake, uvute mkono utoke. Sasa unaona shingo ya shaba: ishike kwa spana na uizungushe kinyume cha saa. Shina zima litatoka, na mwishoni mwake ndipo ilipo wosha, ama imeliwa upande mmoja, ama imekuwa ngumu kama kifungo cha koti. Nenda nayo dukani ukailinganishe kwa macho.

Mimi hupanga vipande juu ya taulo jeupe kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia kadiri vinavyotoka, kisha navirudisha kuanzia kulia. Zamani nilikuwa navikumbuka. Siku hizi kumbukumbu yangu ya dakika kumi zilizopita ina matundu, na taulo halina. Usikaze kwa nguvu zako zote, wosha mpya inataka kubanwa kiasi. Ikiwa bado linadondoka, basi shaba ya ndani pale wosha inapokalia imelika, na hapo ndipo fundi anapohitajika. Mabomba ya mkono mmoja wa kuinua na kushusha ni habari nyingine: yana katriji, kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga maji, na lazima upate inayolingana na bomba lenyewe.

Kitu kimoja kabla hujapata shida yoyote: nenda leo ukaifunge koki kuu na kuifungua. Koki isiyoguswa miaka kumi huganda, na utagundua hivyo siku maji yamefika kwenye zulia. Mimi naizungusha mara mbili kwa mwaka.

Choo kinasikika kama kinajaza maji kila wakati, na bili imepanda.

Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi la kuflashia, usiflashi, rudi baada ya robo saa. Ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli, mpira wa chini ya tangi haukai vizuri. Mara nyingi ni ukoko tu wa chumvi za maji; ufute, na kama umelegea au kupinda ubadilishe. Mpira ukiwa mzima, tazama boya: huenda liko juu mno na maji yanamwagikia kwenye mrija wa kufurikia. Lishushe kidogo. Kazi yote hii unaifanya ukiwa umeketi kwenye kiti mbele ya tangi, ndiyo maana naipenda.

Sinki limeziba. Nimwage dawa?

Jaribu kwanza mpira wa kuzibulia, ukiwa umeziba lile tundu dogo la juu kwa kitambaa kibichi, la sivyo unasukuma hewa tu. Ikishindikana, weka ndoo chini ya ile kona ya bomba chini ya sinki, fungua nati zake kwa mkono, safisha. Kupiga magoti ndiyo sehemu ngumu: weka mto chini ya magoti na kiti imara kando cha kujiinulia.

Dawa kali siipendi. Na kamwe usichanganye dawa ya klorini ya kufulia na dawa yenye asidi ya kusafishia choo, wala yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu dogo lisilo na dirisha si mahali pa kujifunza kemia.

Breka ya umeme inashuka mara kwa mara.

Irudishe mara moja. Ikishuka tena, iache chini. Chomoa vifaa vyote vya upande huo, irudishe, kisha chomeka kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji, ambaye mara nyingi ni pasi, birika au jokofu kuukuu. Ikishuka hata kama hakuna kilichochomekwa, tatizo liko ukutani, na ukuta ni wa fundi umeme. Usimruhusu mtu, hata mpwa wako mwerevu, aweke breka kubwa zaidi au kipande cha waya penye fyuzi ili "isisumbue". Inasumbua ili nyumba isiungue.

Na harufu ya gesi?

Usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje, piga simu ukiwa nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutambaa na kukaa chini. Harufu yake huongezwa makusudi, na pua za uzeeni hupungua makali bila mwenyewe kujua. Mimi nilijua siku mjukuu alipoingia na kukunja uso mlangoni wakati mimi nimekaa palepale nasoma. Sasa nina kile kifaa kinacholia kikihisi gesi, kimefungwa chini karibu na sakafu. Moshi wa mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni mbaya zaidi, kwa kuwa monoksidi kaboni haina harufu kabisa, hata kwa pua ya mtoto.

Vishikio vya bafuni ni vya lazima? Bado natembea vizuri.

Viweke ukiwa bado unatembea vizuri, mkono uzizoee njia zake kabla haujazihitaji. Kishikio kifungwe kwa skrubu ndefu zilizoingia kwenye tofali au mbao, na kabla ya kukiamini, mwambie fundi aning'inie yeye. Usishike fimbo ya kutundikia taulo. Ilitengenezwa kubeba taulo. Vile vya kunyonya ukuta kama pweza navyo ni vya kujishikiza tu, havibebi uzito wa mtu.

Kama mlango wa bafu unafunguka kwa ndani, ugeuzwe ufunguke kwa nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango wa ndani, mwili wake ndio unaowazuia wanaokuja kumsaidia. Na maji ya moto: kwenye nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama tano, na ngozi yetu ni nyembamba kuliko hiyo. Lakini usiteremshe hita kupita kiasi, kwa sababu bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Fundi anaweza kuweka vali inayochanganya maji baridi kabla hayajafika bombani.

Nitajuaje kama fundi ananidanganya?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na nililipia ada kujua jibu. Miaka michache iliyopita nilikuwa na alama ya maji darini, kubwa kama sahani. Fundi alikuja, akapanda, akakaa juu dakika tano, akashuka akitikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Mbao zote zimeoza, akasema, paa linaweza kushuka wakati wowote. Akataka malipo ya awali ya vifaa siku hiyohiyo. Nilimpa, kwa sababu nilikuwa peke yangu na usiku ule nililala nikilisikiliza paa. Hakurudi. Wa pili alipopanda, nilimpa simu yangu apige picha. Mbao zilikuwa kavu. Bati moja lilikuwa limepoteza msumari.

Tangu hapo nina masharti. Anayepanda nisipoweza kupanda huniletea picha. Vifaa nanunua mwenyewe au namtuma mtu wangu, na risiti inabaki kwangu. Malipo huenda kwa hatua, na sehemu ya mwisho inasubiri mvua moja inyeshe, au maji yapite bombani siku mbili. Tunaandikiana kwenye karatasi kazi ni ipi, ni siku ngapi, ni kiasi gani. Fundi mzuri haoni tabu, wengine hata hufurahi kwa sababu wateja nao huwadhulumu. Simwambii mtu nisiyemfahamu kwamba naishi peke yangu. Nasema "tutaongea halafu tutakupigia", na hiyo "tu-" huwa inajumuisha mbwa.

Anayebisha hodi bila kuitwa na kusema ameona kasoro kwenye paa lako akiwa anapita njia, mshukuru, funga mlango.

Vidole vinauma. Nifungueje vitu?

Nenepesha kila unachoshika. Bisibisi yenye mpini mnene, funguo kwenye kishikio kipana, mpira wa kufungia karatasi ukiviringishwa kwenye kifuniko cha chupa. Vitasa vya duara vibadilishwe viwe vya mkono mrefu, ambavyo unaweza kusukuma hata kwa kiwiko. Drili ndogo ya betri inafungua skrubu ambayo mkono wangu uliiacha miaka mitano iliyopita.

Watoto wanataka nimtoe mbwa na paka, wasije wakaniangusha.

Hofu yao ina msingi. Mwaka 2009 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, kilitoa makadirio kwamba nchini humo watu zaidi ya 86,000 kwa mwaka huumia na kutibiwa kwa kuanguka kunakohusiana na mbwa au paka, na mbwa walihusika mara saba kuliko paka. Lakini mbwa huyohuyo ndiye anayenitoa kitandani saa kumi na mbili asubuhi na kunipeleka nje mara mbili kwa siku, mvua ikinyesha au isinyeshe, na miguu isiyotembea hudhoofika. Mimi nimepima na nimebaki nao. Nilibadilisha nyumba badala ya kubadilisha familia.

Majivu ana kengele ndogo shingoni. Ni paka wa rangi ya jioni, na kabla ya kengele nilimkanyaga mara mbili. Taa ndogo zinazojiwasha zinapohisi mtu ziko kati ya kitanda na choo. Bakuli za maji na chakula zimehamia pembeni mwa ukuta ambako hakuna anayepita, na zimeinuliwa juu ya benchi fupi nisiiname sana. Hatari kubwa ya paka ni asubuhi, anapojisugua miguuni ukielekea jikoni kwa sababu anajua unakwenda kumlisha. Nikaacha kumlisha nikiamka. Namlisha baada ya kuoga na kuvaa viatu, na baada ya wiki mbili aliacha kunivizia korido. Sasa anavizia mlango wa bafu, ambako angalau nina kishikio.

Viatu vya ndani viwe na kisigino kilichofungwa. Ndala zinazoburuta ni adui kuliko paka.

Nina miaka 70 na kitu. Si ubinafsi kuchukua mnyama mpya?

Piga hesabu bila kujionea haya. Paka anayekaa ndani huishi miaka 12 hadi 18, mbwa mdogo anaweza kufika 15, mbwa mkubwa mara nyingi 8 hadi 10. Kasuku wa kijivu anaweza kufika miaka 40 na zaidi, na kobe ndio usiseme: yule wa kisiwa cha St Helena, Jonathan, anakadiriwa kuanguliwa mwaka 1832. Kobe ni urithi, mwandike kwenye wosia.

Ningekushauri mnyama mzima wa miaka sita au saba. Mbwa mchanga hung'ata viatu, hukojoa usiku na hukimbia katikati ya miguu, na atakapotulia wewe utakuwa umechoka. Mnyama mzima tabia yake inaonekana tayari. Wachukuaji wengi wanataka wachanga, kwa hiyo wakubwa hukaa wakisubiri.

Kabla hajaingia ndani, tafuta mtu atakayemchukua ukilazwa au ukitangulia, na mtu huyo akubali kwa mdomo wake, si wewe umdhanie. Mimi niliambiwa "hapana" na wawili kabla ya kupata "ndiyo". Hizo hapana mbili zilinisaidia sana.

Mbwa wangu ananivuta.

Mfunge mkanda wa kifuani wenye ndoano upande wa mbele, akivuta, anageuka. Usiviringishe kamba mkononi wala kwenye kidole. Akiruka ghafla, bora aende na kamba yake kuliko aende na bega lako.

Kidonge changu kikianguka na mnyama akakila?

Piga simu kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, ukiwa na pakiti mkononi usome jina na miligramu. Usisubiri dalili, na usimtapishe mwenyewe bila kuambiwa. Paracetamol inaua paka, hata kidonge kimoja. Ibuprofen ni hatari kwa wote wawili. Sisi wazee ndio tunaotembea na maduka ya dawa mifukoni, na vidole vyetu ndivyo vinavyodondosha. Mimi hunywa dawa nikiwa nimekaa mezani, juu ya trei yenye kingo, mlango wa chumba umefungwa. Kidonge kikidondoka kinalia kwenye trei.

Kosa lingine ninaloliona mara kwa mara ni kumpaka paka dawa ya viroboto na kupe iliyobaki ya mbwa. Nyingi zina permethrin, sumu ya wadudu. Mbwa huivumilia, paka hutetemeka hadi kufa. Soma kibandiko kwa miwani, na kama maandishi ni madogo kuliko miwani, mpe mtu mwingine asome. Chakula nacho: vitunguu, zabibu na chokoleti visiwafikie.

Mchanga wa paka, mikwaruzo, kuumwa: nihofu nini?

Toa kinyesi kwenye sanduku la mchanga kila siku. Vimelea vya toksoplasma vikitoka na kinyesi huchukua kati ya siku moja na tano kabla ya kuweza kuambukiza, kwa hiyo usafi wa kila siku unavitangulia. Vaa glavu, nawa, weka sanduku juu ya meza fupi ili usiiname.

Jino la paka ni jembamba na refu, linapanda bakteria ndani halafu ngozi inajifunga juu yake. Jeraha linaonekana dogo na kesho mkono umevimba. Akikung'ata mkononi nenda kliniki siku hiyo, hasa kama una kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na mnyama yeyote usiyejua chanjo zake akikuuma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, kisha uende hospitali kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara huua. Chanjo inayowahi huuzuia. Wako mwenyewe chanjo zake zisipitwe na tarehe.

Mnyama wangu naye amezeeka. Kipi ni uzee na kipi ni ugonjwa?

Watu husema "ni umri tu" kwa wanyama kama wanavyosema kwetu, na mara nyingi wanakosea kote kuwili. Paka mzee anayekunywa maji mengi ghafla na kuloanisha sanduku ana jambo: figo, kisukari au tezi ya shingoni. Kukonda huku anakula sana ni jambo vilevile. Mpeleke.

Mbwa wangu alianza kusimama mbele ya kiti cha sebuleni bila kuruka. Anaweka mguu mmoja juu, ananitazama, anauteremsha. Nilidhani amekuwa mvivu. Daktari alimkunja nyonga taratibu, mbwa akageuza kichwa na kuulamba mkono wa daktari, kwa adabu, kumwomba aache. Yalikuwa maumivu ya viungo, na dawa yake ipo. Nilitandika mikeka ya mpira kwenye vigae kutoka kitandani kwake hadi mlangoni, naye akaacha kuteleza. Baadaye nikagundua hata mimi natembea juu ya mikeka hiyo. Kucha zinahitaji kukatwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatembei vya kutosha kuzisugua.

Macho yake yana ukungu wa samawati. Kwa mbwa wazee ukungu wa namna hiyo mara nyingi ni lenzi iliyokomaa tu na bado anaona, tofauti na mtoto wa jicho ambalo ni jeupe na huziba. Daktari ndiye wa kutofautisha. Hata akipofuka, usihamishe fanicha. Ramani ya nyumba anayo kichwani. Mimi naye tuna ramani moja, na ndiyo sababu nawakatalia wageni wanaotaka "kunipangia upya" sebule.

Nikianguka nikiwa peke yangu?

Tulia kwanza. Kama umegonga kichwa, nyonga inauma au mguu umekaa upande usio wake, usijiinue, ita msaada. Kama uko salama, geuka ubavu, jisukume upige magoti na viganja, tambaa hadi kwenye kiti kizito. Weka viganja juu ya kiti, kanyaga kwa mguu wenye nguvu, jiinue, geuka ukae. Pumzika kabla ya kusimama. Jizoeze siku ambayo ni mzima, ukiwa na mtu karibu. Mara ya kwanza nilichukua dakika sita.

Kulala sakafuni zaidi ya saa moja ni hatari kwa yenyewe, hata bila kuvunjika, kwa baridi na kwa misuli inayobanwa. Simu ikae mfukoni au shingoni. Iliyo juu ya kabati haikusaidii. Na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda akigonga kichwa aende hospitali hata akijisikia mzima.

Mama hataki msaada wowote. Tukimwambia anakasirika.

Acheni kumwambia, mwombeni. "Mama, nifundishe kubadilisha wosha" inafungua mlango ambao "Mama, usiguse bomba" inaufunga. Mpelekee kazi yako ya chini, chukua yake ya juu. Kama ana mbwa, mkate kucha mbwa wake; hiyo kazi inamshinda na haoni aibu kuitoa.

Boksi la vifaa libaki na nini?

Langu lina bisibisi mbili, spana moja ya kurekebisha, koleo, drili ndogo ya betri, ule utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba, wosha za ukubwa wa aina tatu, tochi ya kuvaa kichwani inayoacha mikono huru, glavu, na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: koki kuu iko wapi, swichi kuu iko wapi, namba ya daktari wa mifugo, na Majivu anakula nini na saa ngapi. Nakala nyingine iko nyuma ya mlango.

Msumeno umeondoka, ngazi imeondoka, patasi zimeondoka. Nyundo kubwa nilimpa kijana wa jirani mwaka jana. Huja kuitumia kwangu.